Iliandikwa mwisho, ikatazamwa kwanza: kwa nini ufunguzi wa Daredevil uliwagawa mashabiki

Disney+ iliachia sehemu mbili za mwanzo za Daredevil: Born Again usiku wa Machi 4, 2025 kwa saa za Marekani. Huku Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 5. Watu hawajamaliza chai, ugomvi umeshapamba moto. Wapo walioona huu ndio ufunguzi bora wa Marvel kwenye televisheni kwa miaka mingi. Wapo walioshindwa kuvuka robo saa ya kwanza, wakazima kwa hasira. Na lipo kundi la tatu, ambalo binafsi ndilo lililonivutia zaidi: waliosema wameipenda sehemu ya kwanza, na wameipenda ya pili, ila hawaelewi kwa nini zinaonekana kama zimetoka kwenye tamthilia mbili.

Kundi hilo la tatu ndilo lililogusa ukweli bila kujua. Sehemu ya kwanza ya msimu ule iliandikwa na kupigwa picha baada ya nyingi kati ya zile zinazoifuata. Ukilishika hilo, malalamiko mengi na sifa nyingi zinapata maelezo. (Nitasimulia yanayotokea hadi mwisho wa msimu, kwa hiyo ambaye hajatazama na anapanga kutazama aishie hapa.)

Kwa asiyemfahamu, Daredevil ni Matt Murdock, wakili kipofu wa mtaa wa Hell's Kitchen, New York. Mchana anatetea wanyonge mahakamani, usiku anavaa vazi jekundu na kuwapiga wahalifu, akiongozwa na masikio yanayosikia hata mapigo ya moyo wa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Stan Lee na Bill Everett walimtoa mwaka 1964 kwenye vitabu vya katuni vya Marvel. Katika toleo lile la kwanza walikuwepo pia Foggy Nelson, rafiki na mshirika wake wa ofisi, na Karen Page, katibu wao. Frank Miller alipoanza kuchora kitabu hicho mwaka 1979, na baadaye kukiandika, aliigeuza hadithi ya shujaa wa sarakasi kuwa hadithi ya uhalifu wa mjini: askari wanaokula rushwa, mashahidi wanaonyamazishwa, na juu yao wote bosi mmoja mnene aliyevaa suti nyeupe, Wilson Fisk, anayeitwa Kingpin. Fisk alikuwa adui wa Spider-Man tangu 1967. Miller alimhamishia kwa Daredevil, na hapo ndipo alipopata makazi ya kudumu.

Tamthilia ya Netflix iliyoanza Aprili 2015 ilimfuata Miller huyo. Ilikwenda misimu mitatu, sehemu 39, Charlie Cox akiwa Matt na Vincent D'Onofrio akiwa Fisk. Ilikuwa ya giza, ya polepole, na mapigano yake yalikuwa na uchovu ndani yake: steringi anahema, anaegemea ukuta, anakosea ngumi. Msimu wa tatu ulitoka Oktoba 2018 na ukaishia kwenye tukio dogo ambalo lazima ulikumbuke ili uelewe hasira ya mwaka 2025. Marafiki watatu wamekaa, vita vimeisha, Foggy anachukua karatasi ya kufutia mikono na kuandika jina la ofisi mpya: Nelson, Murdock na Page. Wanacheka. Mwezi uliofuata Netflix ikaifuta tamthilia.

Mashabiki waliendesha kampeni ya kuirudisha kwa miaka. Cox alipitia kidogo kwenye filamu ya Spider-Man ya Desemba 2021, D'Onofrio akarudi mwaka huo huo kwenye tamthilia ya Hawkeye, na Julai 2022 Marvel ikatangaza rasmi tamthilia mpya ya sehemu 18. Kati ya Oktoba 2018 na Machi 2025 ni zaidi ya miaka sita. Muda wote huo picha ya mwisho vichwani mwa watu ilikuwa ile karatasi.

Kwa mtazamaji wa Kenya au Tanzania kulikuwa na usumbufu wake wa ziada. Netflix ilifungua milango huku Januari 2016, kwa hiyo wengi waliijua Daredevil kwa njia halali kabisa, wamekaa sebuleni. Mwaka 2022 haki zikarudi Disney, misimu yote mitatu ikaondolewa Netflix na kuhamia Disney+, huduma ambayo haikuwa imefunguliwa rasmi kwetu. Jinsi watu walivyoifikia baada ya hapo ni mada nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba wengi walitazama ufunguzi mpya bila nafasi ya kurudia ya zamani, wakitegemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya kitu ulichokipenda huwa nzuri kuliko kitu chenyewe.

Kilichotokea kati ya Machi 2023 na Aprili 2024

Upigaji picha ulianza New York mwaka 2023 chini ya waandishi wakuu Chris Ord na Matt Corman. Mpango wao ulikuwa tamthilia ya kisheria zaidi: kesi, mahakama, wakili na mteja wake, na Daredevil akijitokeza kwa nadra. Foggy na Karen hawakuwemo. Mke wa Fisk, Vanessa, alipewa muigizaji mwingine. Kwa ufupi, walikuwa wanajenga kitu kipya kwa kutumia sura mbili za zamani.

Kisha ukaja mgomo wa waandishi wa Hollywood, Mei 2, 2023, na katikati ya Julai waigizaji nao wakagoma. Kazi ikasimama. Wakuu wa Marvel wakapata muda wa kukaa na kutazama kilichokwisha kurekodiwa, na hawakukipenda. Kwa taarifa zilizochapishwa Oktoba mwaka huo, Cox hakuwa anavaa vazi lake hadi sehemu ya nne. Ord na Corman wakaondolewa usukani. Akaletwa Dario Scardapane, aliyewahi kuandika The Punisher, tamthilia nyingine ya Marvel kwenye Netflix, pamoja na waongozaji wawili wanaofanya kazi kama mtu mmoja, Justin Benson na Aaron Moorhead. Januari 2024 kamera zikawaka tena, na Aprili kazi ikaisha.

Timu mpya haikuanza upya kabisa. Picha za 2023 zilikuwa zimegharimu fedha nyingi na nyingine zilikuwa nzuri. Walichofanya ni kutengeneza sehemu tatu mpya, ya kwanza na mbili za mwisho, kisha wakaongeza na kubadilisha matukio ndani ya zile za katikati. Vanessa wa zamani, Ayelet Zurer, akarudishwa na matukio yake yakapigwa upya. Sehemu 18 za mpango wa awali zikawa msimu wa sehemu tisa, na msimu mwingine baadaye. Ni nguo ya zamani iliyoshonewa kola na pindo jipya: ukiiangalia kwa mbali inapendeza, ukiisogelea unaona uzi haufanani.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya Scardapane. Una sehemu sita za katikati ambamo Matt ana ofisi mpya, mshirika mpya anayeitwa Kirsten McDuffie, mchumba mpya, na hakuna mahali Foggy au Karen wanapoonekana. Mashabiki wako wanawapenda hao wawili kuliko kitu chochote. Lazima ueleze wako wapi, na maelezo yako lazima yaingiane na picha ambazo huwezi kuzirudia zote. Mtu angeweza kusema Foggy kahamia mji mwingine. Lakini rafiki aliyehama anapiga simu, anakuja Krismasi, na Matt anapotiwa matatani yeye ndiye wa kwanza kufika. Aliyekufa hapigi simu. Sitasema hilo ndilo lililokuwa vichwani mwao peke yake, ila ukizipanga sehemu kwa utaratibu zilivyopigwa picha, mlango uliobaki wazi ulikuwa mwembamba sana.

Foggy

Tamthilia inaanza kwa furaha. Baa ya Josie imejaa, askari mmoja mzee anaagwa, Nelson, Murdock na Page wapo pamoja kama karatasi ile ilivyoahidi. Kwa dakika chache ofisi ambayo mashabiki waliisubiri miaka sita ipo hai. Halafu Benjamin Poindexter, yaani Bullseye, muuaji mwenye shabaha kali aliyepambana na Matt msimu wa tatu, anamlenga Foggy kwa bunduki na kumwangusha nje ya baa. Matt anapigana naye kutoka ndani, kwenye ngazi, hadi juu ya paa, na wakati wote huo anasikia moyo wa rafiki yake chini barabarani ukipiga taratibu zaidi na zaidi. Unaposimama, anamsukuma Poindexter kutoka juu. Poindexter hafi. Jina la tamthilia linatokea, na tunaambiwa mwaka mmoja umepita.

Malalamiko yaliyofuata yalikuwa ya aina tatu, na watu waliyachanganya kana kwamba ni moja.

La kwanza lilikuwa huzuni tupu. Watu walimpenda Elden Henson kwenye nafasi hiyo, walimsubiri, wakapewa dakika chache. Hilo halina jibu wala halihitaji jibu. Ni ushahidi kwamba tukio limefanya kazi iliyokusudiwa.

La pili lilikuwa la kiufundi zaidi: kwamba kumuua rafiki ili steringi apate uchungu wa kusukuma hadithi ni njia ya mkato, tena iliyochakaa. Hapa wasomaji wa vitabu walikuwa na hoja nzito. Katika vitabu Bullseye ndiye aliyemuua Elektra, mpenzi wa zamani wa Matt, mwaka 1982, na ndiye aliyemuua Karen miaka ya mwisho ya tisini. Hiyo ni kazi yake ya kila siku. Tamthilia ilibadilisha nani anakufa, haikubadilisha kwa nini anakufa. Nawaunga mkono kwa nusu. Kilichoniokoa mimi ni kwamba kifo hiki hakikumpa Matt nguvu, kilimnyang'anya. Anavua kinyago kilichovunjika pembe na hakivai tena hadi sehemu ya sita. Kumbuka pia kwamba hilo nalo liliwafaa watengenezaji, kwa sababu kwenye picha za 2023 tayari alikuwa havai.

La tatu lilikuwa kukataa kuamini. Baadhi walishikilia kwamba Foggy amefichwa mahali na atarudi. Asiyesoma vitabu aliwaona kama watu wanaojidanganya, lakini walikuwa na sababu: mwaka 2006, katika hadithi zilizoandikwa na Ed Brubaker, Foggy alichomwa kisu gerezani mbele ya masikio ya Matt, akaaminika amekufa, kumbe alikuwa chini ya ulinzi wa mashahidi. Kwa hiyo mapigo ya moyo yaliyosimama hayakuwatosha. Walishadanganywa hivyo mara moja.

Juu ya yote hayo kulikuwa na suala la ratiba, ambalo nadhani lilichangia hasira kuliko uandishi wenyewe. Netflix ilikuwa ikimwaga sehemu 13 kwa mpigo. Ukiumizwa Ijumaa, Jumapili unajua kwa nini. Disney ilitoa mbili, kisha kidogo kidogo hadi Aprili 15. Katika sehemu ya kwanza, kifo cha Foggy kinaonekana ni kisasi cha kichaa aliyeaibishwa msimu wa tatu. Ukitazama tena utaona kuna mteja mwenye hofu aliyekuwa akisaidiwa na Foggy usiku ule, jambo linalopita haraka katikati ya vicheko. Mwishoni mwa msimu ndipo inapobainika kwamba Vanessa Fisk ndiye aliyeagiza mauaji, na kesi hiyo ndiyo chanzo. Yaani Foggy alikufa kwa sababu ya kazi yake ya uwakili, kwa ushupavu wake mwenyewe, hakuwa chambo cha kumuumiza rafiki yake. Hilo linabadilisha uzito wa tukio zima. Ila mtazamaji wa Machi 4 hakuwa nalo, na alilazimika kukaa na toleo baya la kifo hicho kwa wiki sita. Wakosoaji waliotumiwa sehemu zote tisa mapema walihukumu kitu kingine kabisa, ndiyo maana maandishi yao ya siku ile yanasomeka kama ya watu waliotulia kupita kiasi.

Ngumi, kura na hesabu

Pigano lenyewe liligawa watu kwa sababu ndogo zaidi. Daredevil ya zamani ilijijengea jina kwa mapigano yanayoonekana kupigwa picha bila kukatwa: ukumbi mwembamba katika sehemu ya pili ya msimu wa kwanza, ngazi katika msimu wa pili, gereza la msimu wa tatu lililochukua kama dakika kumi na moja. Ufunguzi mpya ulijua unalinganishwa na hayo, ukaleta la kwake. Hadi ngazini liko sawa na ndugu zake wa zamani, na si ajabu, kwani mratibu wa mapigano, Philip Silvera, ni yule yule wa misimu miwili ya kwanza. Wasiwasi unaingia pale mwili wa kompyuta unapomsaidia Daredevil kuruka na kutua. Jicho linajua. Sekunde chache tu, lakini mtu aliyependa Daredevil kwa sababu ya uchovu wake huona mwili usiochoka na kuondoka kidogo ndani ya tukio.

Fisk ndiye aliyewapatanisha watu. Hata waliokasirikia kifo cha Foggy walikubali kwamba ile meza ya mgahawa ni kilele cha sehemu ya kwanza: yeye na Matt wamekaa uso kwa uso, kila mmoja anamwambia mwenzake kwa adabu nini kitampata akivuka mstari. Hakuna ngumi. Baada ya hapo Fisk anashinda umeya wa New York, na hapo mazungumzo yakahamia kwenye siasa. Msimu ulitoka wiki sita baada ya Donald Trump kuapishwa kwa mara ya pili, kwa hiyo watazamaji wengi wa Marekani waliona kioo, wengine wakafurahi na wengine wakalalamika kwamba wamekuja kuburudika wakahubiriwa. Tarehe zinasaidia kidogo hapa. Picha zilimalizika Aprili 2024, miezi saba kabla ya uchaguzi huo, na Fisk kuwa meya kunatoka kwenye vitabu vya Charles Soule vya mwaka 2017. Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko habari walizolihusisha nazo, ingawa huwezi kusema waandishi wa 2017 nao walikuwa wameziba masikio. Watazamaji wa huku sikuwaona wakihangaika sana na swali kama jambazi anayejulikana anaweza kupigiwa kura. Hilo walilikubali haraka kuliko kuruka kwa kompyuta.

Sehemu ya pili ndiyo iliyoteseka kimyakimya. Inamleta Hector Ayala, mtu anayeshtakiwa kwa kumuua askari, akiigizwa na Kamar de los Reyes aliyefariki Desemba 2023, kabla kazi yake haijaonekana. Ni kesi nzuri, ya kisheria hasa, na ndiyo damu halisi ya mpango wa Ord na Corman. Lakini imewekwa mgongoni mwa mazishi. Ukiitazama mara tu baada ya Foggy kufa, Matt wa sehemu ya pili anaonekana mkavu, mwenye utani na mchumba, kama mtu ambaye hajafiwa. Muigizaji hakukosea. Sehemu kubwa ya matukio yale aliyaigiza kabla tukio la baa halijakuwepo duniani. Mwisho wake tu, Matt anapowapiga askari wawili wala rushwa na kupiga ukelele, ndipo nyuzi mbili zinapokutana, na watu wengi walisema hapo ndipo walipomtambua tena mtu wao.

Halafu zikaja takwimu, kila upande ukachukua yake. Disney ilitangaza kwamba ufunguzi ulipata mitazamo milioni 7.5 duniani katika siku tano za kwanza, mwanzo mkubwa kuliko tamthilia yake nyingine yoyote ya mwaka huo hadi wakati ule. Mitazamo hiyo si vichwa vya watu. Inapatikana kwa kuchukua jumla ya saa zilizotazamwa na kuzigawa kwa urefu wa kipindi. Aliyezima robo saa ya kwanza kwa hasira amechangia kipande chake, na aliyerudia pigano la ngazini mara nne amechangia vinne. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya hukumu za wakosoaji, nayo hutumika vibaya kila mara: inaonyesha ni wakosoaji wangapi katika mia walioipenda kwa kiasi chochote, haionyeshi waliipenda kiasi gani. Tamthilia ambayo kila mtu anaiona nzuri kiasi hupata alama kubwa kuliko ile ambayo nusu ya watu wanaiabudu na nusu wanaichukia. Kwa kitu kilichogawa watu kama hiki, namba hizo mbili zinakueleza machache mno.

Swali moja limebaki likizunguka: huu ni msimu wa kwanza au wa nne? Disney inauhesabu wa kwanza. Jina Born Again ni la hadithi ya Miller na David Mazzucchelli ya mwaka 1986, ambayo, kwa kejeli fulani, msimu wa tatu wa Netflix ulishaikopa zaidi kuliko huu uliobeba jina lake. Mimi nauhesabu wa nne pale Foggy anapocheka na pale Karen anaporudi sehemu ya tisa, na wa kwanza pote katikati. Anayeutazama kama wa nne atalia kwenye baa na kuchoka sehemu ya tano, ile ya benki inayojitegemea kabisa. Anayeutazama kama wa kwanza atashangaa kwa nini watu wanamlilia mwanamume aliyemjua kwa dakika kumi.

Kuhusu kama kelele zile zilibadilisha chochote, tarehe zinajibu tena. Msimu wa pili ulianza kupigwa picha New York karibu na siku zile zile ufunguzi ulipokuwa unatoka, maandishi yakiwa mezani tayari, yote ya Scardapane na watu wake tangu mwanzo. Hakuna picha za mtu mwingine za kuziba mapengo yake, na safari hii Matt akionekana kama watu wawili, haitakuwa kwa sababu ya mgomo.